Saini Iliyogeuka Pembetatu: Kisa cha Hatua ya Ukuzaji Kwenye Jenereta ya Mawimbi ya Kujitengenezea

Kwenye 1 kHz (mizunguko elfu moja kwa sekunde) jenereta hii ilikuwa ikitoa wimbi la saini (sine kwa Kiingereza) zuri kabisa, laini, lenye karibu volti 10 kutoka kilele cha juu hadi kilele cha chini. Masafa yakipita 10 kHz, mabega ya wimbi yalianza kunyooka. Kwenye 20 kHz lilikuwa pembetatu kamili, na kadiri masafa yalivyopanda ndivyo pembetatu ilivyozidi kufupika. Aliyeitengeneza ni kijana anayesoma ufundi wa elektroniki hapa Dar es Salaam, na alipoileta alikuwa ameshabadilisha IC (kijenzi chenye saketi nzima ndani yake) ya ukuzaji zaidi ya mara moja bila mafanikio.

"Kaka, hizi IC za Kariakoo feki tupu," ndivyo alivyoanza.

Sikumlaumu. IC bandia zipo sokoni, na fundi yeyote aliyewahi kununua transista kubwa ikaungua dakika ile ile anajua machungu yake. Lakini tatizo linalorudi vile vile, kwenye masafa yale yale, kwa IC tofauti, halina sura ya IC mbovu. IC mbovu kila moja huwa mbovu kivyake. Hapa kila iliyowekwa ilifanya jambo moja, kwa utii kabisa, na hilo lilinifanya nihisi kwamba zote zilikuwa nzima na zimeombwa kitu kisicho katika uwezo wao.

Kifaa chenyewe

Moyo wake ni moduli ya AD9833, IC ya Analog Devices inayotengeneza mawimbi kwa njia ya kidijitali. Arduino Nano, bodi ndogo ya kuprogramu, inaiambia masafa kupitia nyaya tatu, na kwa saa yake ya 25 MHz unaweza kupanga masafa kwa hatua za takriban 0.1 Hz. Kwa bei yake ni IC nzuri sana. Kasoro yake kwa mtu wa maabara ni kwamba saini inayotoa ni ndogo, takriban volti 0.6 kilele hadi kilele, tena haichezi juu na chini ya graundi bali inaelea kati ya takriban 0.04 V na 0.65 V. Ili upate chombo cha kupimia amplifaya na vichujio lazima uikuze, na hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Kijana alipitisha ishara kwenye kapasita ya 1 µF ili kuondoa ile volti ya kuelea, kisha kwenye potenshomita ya 10 kΩ ya kurekebisha kiwango, kisha mguu wa 3 wa LM358, IC ya ukuzaji ya aina ya op-ampu (operational amplifier). Mrejesho, yaani njia inayorudisha sehemu ya tokeo (ishara inayotoka) mlangoni, ulikuwa rizista ya 150 kΩ kutoka mguu wa 1 hadi mguu wa 2, na 10 kΩ kutoka mguu wa 2 kwenda graundi. Hesabu ni 1 + 150/10, yaani ukuzaji wa mara 16, na 0.6 V inakuwa 9.6 V. Kutoka mguu wa 1 waya mmoja ulikwenda moja kwa moja kwenye jeki kuu, na mwingine kwenye kigawanyo cha 2 kΩ na 220 Ω kinacholisha jeki ya pili yenye sehemu ya kumi ya ishara. Umeme ulitoka kwenye transfoma ya 12-0-12 kupitia vidhibiti volti 7812 na 7912, ukatoa +12 V na −12 V. Wengi huunguza 7912 kwa kudhani miguu yake imepangwa kama ya 7812. Yeye aliiangalia datashiti kwanza, akaipatia.

Alitaka 20 Hz hadi 100 kHz, kiwango kikiwa sawa mwanzo hadi mwisho. Si ombi kubwa.

Mita ilisema kila kitu ni kizima

Vipimo vya volti tulivu vilikuwa safi. Mguu wa 8 ulikuwa na +12 V, mguu wa 4 una −12 V, na mguu wa 1 bila ishara ulikaa karibu na sifuri, ukiwa na makumi machache tu ya milivolti. Hayo ni ya kawaida, kwa sababu LM358 ina hitilafu ndogo ya pembejeo (mlango wa kuingizia ishara) ya milivolti chache, na hiyo nayo hukuzwa mara 16. Fundi wa redio aliyezoea kutafuta tatizo kwa mita angefunga kazi hapo na kusema hatua hii haina ubaya.

Kijana alikuwa pia na daftari la vipimo vya AC alivyochukua kwa mita yake ya kawaida, na vilionyesha ishara ikipungua hata kabla ya kufika 10 kHz. Nilimwomba aliweke pembeni daftari hilo. Upande wa AC wa mita nyingi za bei nafuu umekusudiwa umeme wa majumbani na masafa ya mamia ya hazi. Ukiipeleka kwenye kilohazi nyingi, mita yenyewe ndiyo inayopungua. Vipimo vile vingemfanya atafute kosa mahali lisipokuwepo.

Kilichobaki ni osiloskopu, chombo kinachochora umbo la wimbi kwenye kioo. Yeye alikuwa na DSO138, ile ndogo inayouzwa kama vipande vya kujiunganishia mwenyewe, yenye upana wa takriban 200 kHz. Ni chombo duni ukilinganisha na cha maabara, lakini kwa saini ya makumi ya kilohazi inatosha kukuonyesha kama ni saini au si saini. Tukaweka probu kwenye mguu wa 3, yaani mlangoni kabla ishara haijakuzwa, tukapandisha masafa taratibu: 5, 10, 20, 50 kHz. Saini ilibaki saini, kimo kile kile. Tukahamisha probu mguu wa 1 bila kugusa kitu kingine, na pembetatu ikatokea. Kwa kitendo hicho kimoja AD9833 ilitoka lawamani, kapasita na potenshomita zikatoka, na hata osiloskopu ikatoka, kwa maana isingeweza kudanganya mguu mmoja na kusema kweli mguu wa pili kwenye masafa yale yale. Kosa lilikuwa kati ya mguu wa 3 na mguu wa 1.

Punguza kimo, uone

Op-ampu inaweza kuharibu saini kwa njia nyingi, lakini kwa dalili hizi zilibaki tatu za kufikiria. Ya kwanza ni kukatwa vichwa, pale wimbi linapogonga dari la volti za umeme. Hiyo haikuwa hapa, kwani vilele vya 4.8 V vipo mbali na 12 V, na wimbi lililokatwa huwa bapa juu, si lenye ncha. Ya pili ni upana wa masafa kuisha: ukuzaji unapungua kadiri masafa yanavyopanda. Ya tatu ni kasi ambayo op-ampu inaweza kubadili volti kwenye tokeo lake, inayopimwa kwa volti kwa kila sekunde-mikro.

Hizi mbili za mwisho huchanganywa kila siku, na dawa zake si moja. Bahati nzuri kuna jaribio jepesi la kuzitenganisha, na ningependa kila anayeanza elektroniki alifanye kwa mkono wake angalau mara moja. Shikilia masafa pale pale kwenye uharibifu, kisha punguza kimo cha ishara peke yake. Kama upana wa masafa ndio ulioisha, saini kubwa na saini ndogo zitapungua kwa uwiano ule ule, na zote zitabaki na umbo la saini. Kama kasi ndiyo iliyoisha, saini ndogo itapita ikiwa nzima na kubwa itageuka pembetatu.

Tukaweka 50 kHz, pembetatu ikiwa wazi kwenye kioo. Kijana akazungusha potenshomita kushusha ishara. Mwanzoni mteremko na kimo cha pembetatu havikubadilika hata kidogo, ingawa ishara ya mlangoni ilikuwa inapungua. Kisha ncha zikaanza kuwa mviringo, na lilipofika karibu nusu volti, saini ilikuwa imerudi yote.

Hapo jibu lilikuwa limepatikana, lakini namba huondoa ubishi. Tukarudisha kimo, tukapima. Kwenye 50 kHz nusu ya mzunguko ni sekunde-mikro 10, na ndani ya muda huo tokeo lilipanda takriban volti 3. Hiyo ni 0.3 V kwa sekunde-mikro. Fungua datashiti ya LM358 ya asili, na hiyo ndiyo kasi utakayoikuta. IC iliyoitwa feki ilikuwa inatimiza datashiti yake kikamilifu.

Sasa tazama ilichoombwa. Saini huwa na mwinuko mkali kuliko wote pale inapokatiza sifuri, na mwinuko huo ni 2π mara masafa mara kilele. Kwa kilele cha 4.8 V, kwenye 1 kHz unahitaji 0.03 V kwa sekunde-mikro, na LM358 inaitoa bila jasho. Kwenye 10 kHz unahitaji 0.30, ndio ukingoni kabisa. Kwenye 100 kHz aliyokuwa akiitaka kijana unahitaji 3.0, mara kumi ya uwezo wa IC. Tokeo linakuwa kama mkimbiaji anayeitwa arudi kabla hajaufikia mstari: mbio zake ni zile zile, ila umbali anaoufikia unafupika kila anapoitwa mapema zaidi. Ndiyo maana pembetatu ilikuwa volti 7.5 kwenye 20 kHz, 3 kwenye 50 kHz, na isingezidi 1.5 kwenye 100 kHz.

Upana wa masafa nao ulikuwa unakaribia kwisha, ila ulikuwa umejificha nyuma ya tatizo kubwa. LM358 ina takriban 0.7 hadi 1 MHz ya kugawana na ukuzaji. Ukiigawa kwa 16 unabaki na kama 50 kHz. Ile saini ndogo iliyorudi kwenye 50 kHz ilikuwa nzuri kwa umbo, lakini ilikuwa imepungukiwa kati ya robo na theluthi ya kimo chake. Kwa hiyo hata mtu ambaye angeridhika na ishara ndogo asingeipata 100 kHz kwa mpango ule.

Kona ndogo karibu na sifuri

Tulipokuwa tukishuka kurudi chini kuhakiki, kwenye 5 kHz nikaona kitu ambacho kijana alikuwa amekizoea hadi hakioni tena. Pale wimbi linapokatiza sifuri palikuwa na kigugumizi kidogo, kana kwamba wimbi linasita kabla ya kuendelea. Kwenye 100 Hz hakionekani kwa jicho, kwa sababu kusita huko ni kwa sekunde-mikro chache tu ndani ya mzunguko wa sekunde-mili 10.

Chanzo chake ni jinsi tokeo la LM358 lilivyojengwa. Kwa kusukuma mkondo nje linatumia transista moja, kwa kuvuta linatumia nyingine, na katikati kuna mkondo mdogo wa takriban µA 50 tu wa kuziba pengo. Mzigo ukihitaji zaidi ya hapo, kila upande wa wimbi unashikwa na transista yake, na kwenye kubadilishana zamu tokeo la ndani lazima liruke zaidi ya volti moja. Kwa kasi ya 0.3 V kwa sekunde-mikro, kuruka huko kunachukua muda unaoonekana. Kile kigawanyo cha 2 kΩ na 220 Ω kilikuwa kinavuta zaidi ya mA 2 kwenye kilele, kwa hiyo zamu zilikuwa zikibadilishwa kila nusu mzunguko.

Kuthibitisha ni rahisi. Tuliunga rizista ya 2.7 kΩ kutoka mguu wa 1 kwenda −12 V. Hata wimbi linapofika −4.8 V, rizista hiyo inavuta 7.2 V ÷ 2.7 kΩ, takriban mA 2.7, inayotosha kubeba mkondo wote wa mzigo, na transista ya kusukuma haipumziki kamwe. Kigugumizi kikapotea papo hapo. Anayetumia LM358 kwa sauti na hana nyingine anaweza kuiacha rizista hiyo kazini na atapata saini safi kwenye masafa ya chini. Inapasha moto kidogo na inakula umeme, lakini inafanya kazi.

TL072, na kugawa kazi mara mbili

Dawa ilikuwa TL072, IC nyingine ya op-ampu. Miguu yake imepangwa sawa na ya LM358, kwa hiyo unachomoa moja unaingiza nyingine. Kasi yake ni takriban 13 V kwa sekunde-mikro, na upana wake wa kugawana na ukuzaji ni takriban 3 MHz. Kwa kilele cha 4.8 V kasi hiyo inatosha hadi takriban 430 kHz. Pembetatu ikaisha.

Naweka angalizo hapa kwa wanaotumia umeme mmoja wa 5 V kutoka USB: usifanye badiliko hili ukitegemea muujiza. LM358 hufanya kazi vizuri kwa 5 V na pembejeo zake zinaweza kushuka hadi kwenye graundi ile ile ya umeme. TL072 ya kawaida haiwezi hivyo. Inataka nafasi ya volti kadhaa kutoka kila upande. Kwa ±12 V alizonazo kijana nafasi ipo tele.

Bado hesabu haikuwa imekamilika. 3 MHz ukigawa kwa 16 ni kama 187 kHz, na huo ndio ukingo ambao ishara imeshapungua kwa karibu asilimia 30. Kwenye 100 kHz upungufu ni kama asilimia 12, na kijana alitaka kimo kilicho sawa, asije akalaumu kichujio anachokipima kwa kosa la jenereta. Suluhisho lilikuwa ndani ya IC ile ile. TL072 ina op-ampu mbili na yeye alikuwa akitumia moja. Ya pili iliachwa pembejeo zake zikielea hewani, jambo ambalo ni baya lenyewe, kwani op-ampu isiyotumika inaweza kugonga dari la umeme au kuokota makelele na kuyapitisha kwa jirani. Tukagawa ukuzaji: mara 4 kwenye ya kwanza na mara 4 kwenye ya pili, kila moja ikiwa na rizista za 3 kΩ na 1 kΩ. Kila hatua sasa ina upana wa 750 kHz, na zote mbili pamoja zinafika karibu 480 kHz. Upungufu kwenye 100 kHz ukashuka hadi chini ya asilimia 2.

Rizista ndogo nazo zina faida yake. Kwenye bredibodi (bodi ya kuchomekea vijenzi bila kulehemu), matundu na waya vina kapasitansi yao ya pikofaradi kadhaa, na 150 kΩ ikiwa na 5 pF pembeni yake tayari inaanza kupunguza ukuzaji kwenye takriban 210 kHz. Kwa 3 kΩ kapasitansi hiyo haina nguvu ya kusumbua.

Ilipopata kasi ikaanza kuvuma

Op-ampu yenye kasi huyaona mambo ambayo ile ya taratibu haikuyaona. Tulipounga waya wa koaksia wa RG58 wenye mita moja na nusu kwenye jeki kuu, mstari wa wimbi ukanenepa kama umepakwa ukungu, na ukisogeza kidole karibu na IC ukungu unabadilika. Hiyo ni mitetemo ya IC yenyewe kwenye masafa ya juu sana. DSO138 haiwezi kuionyesha kwa umbo lake. Nilitumia osiloskopu ya zamani ya 20 MHz iliyopo karakana, na mitetemo ikaonekana waziwazi imepanda juu ya saini.

Palikuwa na visababishi viwili. RG58 ina takriban 100 pF kwa kila mita, hivyo tokeo lilikuwa linasukuma kama 150 pF moja kwa moja bila kizuizi, na kapasitansi hiyo huchelewesha mrejesho hadi mzunguko unajitetemesha. Rizista ya 47 Ω kati ya mguu wa tokeo na jeki, nje ya njia ya mrejesho, ikapunguza sehemu kubwa ya ukungu. Kilichobaki kilitokana na umeme: nyaya ndefu kutoka 7812 na 7912, na hapakuwa na kapasita hata moja karibu na IC. Tukaweka 100 nF kutoka mguu wa 8 hadi graundi, na nyingine kutoka mguu wa 4 hadi graundi, miguu yake ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Mstari ukawa mwembamba.

Hizo kapasita mbili bei yake ni ndogo mno, na huwa naumia kuona michoro mingi wanayofuata vijana ikiziacha nje eti ili mchoro uonekane mwepesi. LM358 inavumilia uvivu huo. TL072 haivumilii, na anayebadilisha bila kuziweka atarudi kusema TL072 zote ni feki.

Upande wa chini wa masafa haukuhitaji mjadala. 1 µF na 10 kΩ zinaanza kukata kwenye 16 Hz, kwa hiyo kwenye 20 Hz ishara ilikuwa imeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya kimo chake, yaani kama asilimia 22. Kapasita ya 10 µF, upande wa chanya ukielekea AD9833, ikasogeza ukingo hadi 1.6 Hz.

Ilipo sasa

Saini sasa ni safi kutoka 20 Hz hadi 100 kHz kwa volti 9.6 bila mzigo mzito, na jeki ya sehemu ya kumi inafuata vile vile. Kijana ameihamishia kwenye bodi ya kulehemu na kuweka 100 nF zake chini ya soketi ya IC.

Amebaki na hamu ya 1 MHz, kwa sababu AD9833 inafika huko bila shida. Kwa kimo hiki 1 MHz inataka takriban 30 V kwa sekunde-mikro, ambayo TL072 haina. LM318 ina 70 na upana wa 15 MHz, ila ni op-ampu moja ndani ya IC, kwa hiyo mpangilio wa miguu unabadilika na bodi itachorwa upya. Pia anataka kulisha mzigo wa 50 Ω. Kwa rizista ya tokeo ya 50 Ω na mzigo wa 50 Ω, kilele cha 4.8 V kinahitaji mA 48, na TL072 haiwezi kuzitoa huku ikilinda umbo la wimbi. Nimemwelekeza kwenye jozi ya transista za BD139 na BD140 baada ya op-ampu, zikiwa na dayodi mbili za kuzipa mkondo wa kuanzia, na waya wa mrejesho ukichukuliwa baada ya transista badala ya kabla yake, la sivyo kile kigugumizi cha kwenye sifuri kitarudi. Transista ameshanunua, Kariakoo hiyo hiyo.